Ile skafu ya skauti ina kazi gani? Ufafanuzi kwa wazazi wa Nyanda za Juu Kusini

Kiongozi wa kitaifa akifika Mbeya, Iringa au Njombe, hata kabla hajasalimiana na wenyeji wote, mtoto mwenye sare ya kaki hujitokeza, akapiga saluti na kumvisha skafu shingoni. Picha zinapigwa, mgeni anapanda jukwaani, na yule mtoto hasikiki tena mpaka ziara nyingine. Kwa wengi wetu skauti ni hilo tu: watoto wa kupokea wageni.

Ndiyo maana shule ikitangaza kwamba inaanzisha kundi la skauti, makundi ya WhatsApp ya wazazi hujaa maswali. Ni jeshi hilo? Ni chipukizi wa chama? Ni mambo ya kanisa? Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba saluti ya vidole vitatu na kupeana mkono wa kushoto ni alama za Fremasoni. Na yupo mzazi, mara nyingi yule aliyekaa kimya muda mrefu, anayeuliza swali lenye uzito kuliko yote: mtoto wangu atapata nini huko, na sisi mtaani tutapata nini?

Maswali yote hayo yanastahili majibu, hata lile la Fremasoni.

Skauti ni nini hasa

Skauti ni harakati ya malezi na elimu kwa vijana. Ni ya hiari, haifungamani na chama chochote cha siasa, na iko wazi kwa mtoto yeyote bila kujali dini, kabila wala jinsia yake. Hapa nchini inasimamiwa na Chama cha Skauti Tanzania, chenye makamishna katika mikoa na wilaya, na huko shuleni kazi hufanywa na kiongozi wa kundi, ambaye kwa kawaida ni mwalimu anayejitolea baada ya vipindi. Duniani kote harakati hii ina wanachama zaidi ya milioni 50 katika nchi zaidi ya 170.

Neno "elimu" katika maelezo hayo ndilo wengi hulipita haraka. Skauti ni njia ya kufundisha, na wala si kikosi cha kutumwa kazi. Mtoto anajifunza kwa kutenda, akiwa na wenzake wa rika lake, chini ya macho ya mtu mzima ambaye hasemi sana. Kambi, mafundo ya kamba, gwaride, nyimbo na beji ni vyombo vya kazi hiyo.

Ipo pia Tanzania Girl Guides Association, ambayo ni ya wasichana peke yao. Asili yao ni moja. Mwaka 1909 maskauti walipokusanyika Crystal Palace, London, wasichana kadhaa walijitokeza wakiwa wamevaa na kujipanga kama wavulana, wakasema na wao ni skauti. Mwaka uliofuata wakaundiwa chama chao. Siku hizi kundi la skauti la Tanzania hupokea wavulana na wasichana pamoja, kwa hiyo msichana wa Makambako au Tukuyu ana njia mbili za kuchagua, zote halali.

Tulivyowachanganya na wengine

Kuchanganya hakushangazi, kwa sababu Nyanda za Juu Kusini tuna watu wengi wenye sare.

Tuna Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lenye makambi Mafinga na Itende. Kule huenda vijana waliokwisha kumaliza shule, wakiwamo wahitimu wa kidato cha sita wanaokwenda kwa mujibu wa sheria. Mafunzo yake ni ya kijeshi na hufuata amri za kijeshi. Skauti hana silaha, hana cheo cha jeshi, na akisema kesho haji tena, hakuna wa kumfuata nyumbani. Wala uskauti si ajira, na cheti chake si tiketi ya kuingia JKT au polisi. Ukisikia mtu anawachangisha vijana fedha akiwaahidi nafasi jeshini kupitia skauti, mpeleke polisi.

Tuna chipukizi wa CCM, ambao nao huvaa skafu na hucheza gwaride siku za sherehe. Hapo ndipo macho hudanganyika zaidi, hasa kwa vile Skauti Mkuu wa Tanzania huteuliwa na Rais. Lakini chipukizi ni watoto wa chama cha siasa na hilo halifichwi, wakati skauti amekatazwa kabisa kuvaa sare yake kwenye shughuli ya chama chochote. Kama umewahi kuona watoto wa skauti wakipangwa kwenye mkutano wa kampeni, basi umeona kosa, na mzazi ana haki ya kulilalamikia.

Tuna Watafuta Njia wa Kanisa la Waadventista Wasabato, ambao Mbeya ni wengi. Nao wana skafu, mafundo ya kamba na makambi. Ni huduma ya kanisa, nzuri kwa walio wake, ila ni kitu kingine. Kwenye skauti, mtoto wa Kimoraviani, wa Kilutheri, Mkatoliki na Mwislamu husimama mstari mmoja na kusema ahadi ileile.

Na ukienda Idodi au Pawaga, vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Ruaha, ukitaja skauti wapo watakaokuonyesha wale wanaoitwa VGS, yaani walinzi wa wanyamapori wa vijiji. Hao ni watu wazima wenye kazi ya kuzuia ujangili. Wanafanana jina na watoto wetu na hakuna zaidi.

Sasa Fremasoni. Vidole vitatu vya saluti vinakumbusha sehemu tatu za ahadi: wajibu kwa Mungu na kwa nchi, kuwasaidia watu wengine, na kutii kanuni za skauti. Kupeana mkono wa kushoto kuna simulizi yake kutoka Afrika Magharibi, kwa Waashanti, kwamba shujaa aliyekuamini huiweka chini ngao aliyoishika kwa mkono wa kushoto ili akupe mkono huo. Ile nembo inayofanana na ua, ambayo video za YouTube huipigia kelele, imetokana na alama ya kaskazini kwenye dira na ramani za zamani. Nyota zake mbili zina ncha kumi, hesabu ya kanuni za skauti. Kamba iliyoizunguka imefungwa fundo la umoja. Yote haya hufundishwa hadharani, kwenye uwanja wa shule, mzazi akiwa amesimama pembeni akitaka. Chama cha siri hakifundishi siri zake mchana kweupe mbele ya darasa la nne. Na mwanzilishi mwenyewe alikuwa mtoto wa kasisi wa Kianglikana, na hakuna kumbukumbu inayoonyesha kwamba alipata kuwa Fremasoni.

Ilikotoka, kwa kifupi

Huyo mwanzilishi, Robert Baden-Powell, alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza, na ukweli huo haufai kufunikwa. Alipozingirwa na Makaburu katika mji wa Mafeking, Afrika Kusini, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900, wavulana wa mji walipewa kazi ya kupeleka barua na kulinda zamu. Aliona kwamba mtoto akipewa jukumu la kweli na akaaminiwa, hulibeba. Alichofanya baadaye ni kuutoa ujuzi huo vitani. Agosti 1907 alichukua wavulana wapatao 20 kwenda kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, wengine kutoka shule za matajiri na wengine watoto wa wafanyakazi wa kawaida, akawachanganya katika vikosi vidogo na kupiga nao kambi. Kuchanganya tabaka namna hiyo, kwa Uingereza ya siku zile, halikuwa jambo dogo.

Zanzibar ilipata skauti mwaka 1912 na Tanganyika mwaka 1917, chini ya Waingereza. Ilikuja na ukoloni, kama zilivyokuja shule nyingi na reli, na baada ya uhuru Watanzania wakaifanya yao. Mwaka 1963 ikapokelewa kwenye chama cha skauti cha dunia. Baden-Powell mwenyewe alimalizia maisha yake kwa majirani zetu: alifariki Nyeri, Kenya, Januari 1941, na kaburi lake liko huko.

Kinachofanyika Jumamosi

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo wapiga picha hawafiki.

Kundi la skauti hugawanywa katika vikosi vya watoto sita hadi wanane. Kila kikosi kina kiongozi wake, naye ni mtoto, wa darasa la sita pengine, au la saba. Huyo ndiye anayejua nani hakuja leo, nani anaumwa, nani bado hajaweza kuwasha moto kwa kijiti kimoja cha kiberiti. Mwalimu huzungumza na viongozi wa vikosi. Viongozi wa vikosi huzungumza na wenzao. Mtoto ambaye darasani ni mmoja kati ya 90 na pengine hajaulizwa swali muhula mzima, hapa ni mmoja kati ya saba, na zamu yake ya kupika ikifika, wote watakula alichopika au walale njaa.

Nilipata kukaa chini ya mkaratusi kwenye uwanja wa shule moja ya msingi huko Uyole, asubuhi ya Juni yenye ule ubaridi unaoijua mifupa, nikitazama kikosi kimoja kikijifunza kufunga mkono uliovunjika. Msichana mmoja alijifanya ameanguka kwenye bodaboda. Mwenzake, mvulana mdogo kuliko yeye, alivua skafu yake shingoni. Ukiikunjua, skafu ya skauti ni kitambaa chenye pembe tatu. Akaupitisha upande mmoja chini ya mkono wa majeruhi, akaurudisha upande wa pili juu ya bega, mkono ukalala kifuani. Kiongozi wao, msichana mrefu aliyevaa sweta la shule juu ya sare, akamsimamisha: "Fundo limekaa kwenye uti wa shingo. Litamuumiza. Lisogeze pembeni." Akalisogeza. "Vidole vyake unaviona?" Havikuonekana, vilikuwa vimefunikwa. "Sasa utajuaje kama damu inafika?" Yule mvulana akafungua, akaanza upya. Mara hii kiganja kilikaa juu kidogo kuliko kiwiko, vidole vikiwa nje, na majeruhi akasahau kujifanya anaumwa, akacheka.

Mwalimu alikuwa hatua kumi kutoka hapo, mikono nyuma. Hakutia neno.

Basi ile skafu tunayowavisha mawaziri ni bendeji. Iko shingoni kwa sababu ajali haitoi taarifa, na mtu mwenye kitambaa cha pembe tatu shingoni hahitaji kukimbilia duka la dawa kutafuta cha kufungia. Kumvisha mgeni ni heshima nzuri na sioni ubaya wake. Ubaya ni pale tunapodhani hiyo ndiyo kazi yake. Shabiki anayekuja Uwanja wa Sokoine siku ya mechi peke yake anaweza kudhani mpira ni dakika 90; kocha anajua ni mazoezi ya wiki nzima. Gwaride la skauti ni siku ya mechi. Shule nyingi kwetu zina siku ya mechi bila mazoezi: watoto huitwa wiki moja kabla ya ziara, hufundishwa kugeuka kulia na kushoto, huazimwa skafu, na sherehe ikiisha skafu hurudi kabatini. Kisha tunasema skauti haina faida.

Mtaa unapata nini

Nitaanza na barabara, kwa sababu hapa kwetu barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita katikati ya maisha yetu. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hushuka Mlima Nyoka kuingia Uyole, hupita mjini kati, kisha huteremka Iwambi kwenda Mbalizi. Upande wa Iringa kuna mteremko wa Kitonga. Kila anayeishi kando ya barabara hiyo anajua sauti ya breki zilizokataa. Na kila anayeishi hapo amewahi kuona watu wakikimbilia ajali: wengine kusaidia, wengine kutazama, wengine kubeba mali iliyomwagika.

Dakika za mwanzo baada ya ajali ziko mikononi mwa waliopo, si za daktari. Anayejua kukandamiza jeraha linalovuja damu kwa kitambaa safi bila kuachia, na anayejua kwamba aliyeumia shingo au mgongo hakokotwi kwa mikono kutupwa kwenye pikapu, ana thamani kubwa pale kuliko umati wote. Anayejua kupiga 112 kwa polisi au 114 kwa Zimamoto, na akaeleza mahali kwa alama zinazoeleweka, anaokoa muda. Na anayejua kusema "kaeni mbali" lori la mafuta likianguka anaokoa mtaa mzima. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa lori lilipolipuka, wengi wakiwa wamekwenda kuchota mafuta. Mtoto aliyefundishwa akiwa na miaka 12 kwamba mafuta yaliyomwagika hayasogelewi, atakuwa na miaka 25 siku moja, na atakuwa amesimama kando ya barabara ileile.

Hiyo ndiyo hesabu ya skauti ilivyo: faida yake kubwa huja miaka mingi baada ya mtoto kuvua sare. Kwa hiyo naomba nieleweke vizuri. Sisemi watoto wapelekwe kwenye ajali. Skauti wa miaka 13 hapaswi kuitwa kubeba majeruhi wa basi, wala kutumwa kuzima moto kwenye shamba la miti la Sao Hill. Ukimwona mtu mzima anayewatuma huko kwa jina la uzalendo, mzuie. Wanachoweza kufanya sasa ni kujifunza, na kukipeleka nyumbani walichojifunza.

Moto ni mfano mzuri wa hilo. Kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza, Mufindi, Njombe na Makete huishi na hofu ya moto, na mwingi huanzia kwa mtu aliyekuwa akisafisha shamba au kurina asali. Kambini, skauti hazimi moto kwa kuukanyaga na kuondoka. Anamwaga maji, anakoroga majivu kwa kijiti, anamwaga tena, kisha anaweka kiganja karibu na majivu na mwisho anayagusa. Kama bado yana joto, moto haujazimwa. Mtoto aliyefanya hivyo mara kadhaa atamwona baba yake akiacha majivu yanafuka pembeni mwa shamba la viazi na hatanyamaza. Pengine baba atakasirika. Lakini atarudi na ndoo.

Kisha kuna kuijua nchi yako. Vijana wetu wengi wamezaliwa Mbeya na hawajui kaskazini iko wapi, na ilhali Mlima Loleza umesimama upande huo wa mji kila siku wanapoamka. Skauti hufundishwa kusoma ramani kwa vilima na mito, kutazama mawingu, kujua korongo lipi linabeba maji ya mlima. Aprili 2024 tope liliporomoka kutoka Mlima Kawetere likafunika nyumba na shule katika kata ya Itezi. Kusoma mlima si mchezo wa kambini kwa watu wanaoishi chini ya mlima. Na ukitaka kumfundisha mtoto kwa nini chanzo cha maji hakilimwi, mpeleke akione, kisha umwonyeshe kwamba maji hayo huishia Usangu na baadaye Ruaha Mkuu. Miti anayoipanda hapo atairudia, kwa sababu kikosi chake kimepewa ile miti kwa majina. Upandaji miti wa siku ya sherehe hauna mtu wa kuurudia.

Kuna faida nyingine isiyoonekana kwa macho. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Edinburgh na Glasgow walitoa matokeo ya kufuatilia karibu watu 10,000 waliozaliwa Uingereza mwaka 1958. Waliokuwa skauti au Girl Guides utotoni, walipofika umri wa miaka 50, uwezekano wao wa kuwa na matatizo ya wasiwasi na huzuni ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko wengine. Tuwe waangalifu: utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba skauti ndiyo sababu, na Uingereza ya wakati ule si Iringa ya leo. Hata hivyo unaelekea upande ule ule ambao walimu wengi watakuambia: mtoto aliyewahi kutegemewa na wenzake anakua akijua kwamba anafaa kitu. Kwa mikoa iliyobeba watoto wengi waliopoteza wazazi kwa UKIMWI, kama Njombe, hilo si la kulipuuza.

Swali ambalo mzazi asiogope kuuliza

Lipo moja ambalo wapenzi wa skauti, mimi nikiwa mmoja wao, hatulisemi vya kutosha. Kambi ni mahali ambapo watoto hulala mbali na wazazi wao, chini ya watu wazima. Mahali popote pa namna hiyo humvutia pia mtu mbaya. Chama cha skauti cha wavulana cha Marekani kiliomba kinga ya kufilisika Februari 2020, na watu zaidi ya 82,000 wakajitokeza kudai fidia kwa kunyanyaswa kingono walipokuwa watoto. Mpango wa fidia ulifikia dola bilioni 2.46. Kwa miaka mingi wakubwa walijua mengi na wakanyamaza ili kulinda jina.

Fundisho lake kwetu ni kuuliza, wala halituambii tuwafungie watoto ndani. Kanuni ya msingi ya ulinzi wa mtoto kwenye skauti ni kwamba mtu mzima mmoja hakai faragha na mtoto mmoja, iwe hemani, ndani ya gari au kwenye ofisi ya shule. Viongozi wawe wawili au zaidi, na kama kuna wasichana, awepo kiongozi wa kike. Kwa hiyo kabla ya kutia saini kibali cha kambi, uliza nani anakwenda, analala wapi, simu yake ni ipi, hospitali iliyo karibu ni ipi, na kama mzazi anaruhusiwa kufika bila taarifa. Kiongozi mwema atakujibu bila kukunja uso. Anayekasirika kwa maswali hayo amekwisha kukujibu. Na mtoto ajue namba 116, huduma ya simu kwa watoto, aikariri kama jina lake.

Malalamiko ya sare nayo yana ukweli. Shati, skafu, mkanda, kofia na beji kwa mzazi wa vibarua vya chai Mufindi ni fedha. Lakini sare haimfanyi mtoto kuwa skauti. Kinachomfanya ni ahadi. Kundi linaweza kuanza na skafu peke yake, na fundi wa mtaani anaweza kuzishona kutoka kitambaa cha jora moja. Shule inayomrudisha mtoto nyumbani kwa sababu hana kofia imekosea mahali pa kuanzia.

Kinachokosekana

Kwa ninavyoona, watoto wanaotaka hatuna upungufu nao, na vifaa vinapatikana. Wanaokosekana ni watu wazima. Mwalimu mmoja mwenye vipindi 30 kwa wiki hawezi peke yake kushika watoto 60 kila Jumamosi mwaka mzima bila posho, na akihamishwa kituo, kundi hufa siku ileile. Vijijini hali ni ngumu zaidi, na mtoto aliyeacha shule, ambaye pengine ndiye angefaidika kuliko wote, hana mlango kabisa kwa sababu makundi karibu yote yako mashuleni.

Sheria haisemi kiongozi lazima awe mwalimu. Muuguzi wa zahanati anaweza kufundisha huduma ya kwanza Jumamosi moja kwa mwezi. Askari wa Zimamoto aliye likizo anaweza kuonyesha namna ya kuzima jiko la gesi. Mzee anayejua vyanzo vya maji vya kata, fundi wa kamba na magogo, kijana aliyewahi kuwa skauti mwenyewe na sasa anaendesha bajaji Mafiati, wote wana cha kutoa. Kamati ya shule inaweza kuliweka jambo hili kwenye ajenda ya kikao cha wazazi cha muhula huu: kundi lipo au halipo, linakutana lini, nani wa pili baada ya mwalimu, na watu wazima wawili gani watakwenda na watoto kambini. Mkipata majina, mwalimu mkuu atawaunganisha na kamishna wa skauti wa wilaya, ambaye kazi yake ni kuwapa mafunzo na kuwaandikisha. Anzeni na vikosi viwili tu, watoto 14 au 16, kabla ya kufikiria gwaride.